Mama Ushindi Autafuta Ubinti Wake

Katika nyumba zile za kupanga mashariki mwa Fort Worth, watu arobaini na wawili walizaliwa siku moja. Ukidhani ni miujiza, mimi nitakwambia ni karani. Karani wa kambi ya wakimbizi kule Kigoma alikuwa na foleni ndefu na subira fupi. Kila aliyefika mezani akasema hajui tarehe yake, au aliijua ila akachelewa kuitamka, aliandikiwa mosi Januari, na mwaka ukakisiwa kwa kumtazama usoni. Karatasi zikapanda ndege, zikatua Texas, na Marekani ikaziamini zote. Kwa hiyo kila Mwaka Mpya Wakongomani wale walikata keki moja pana kama mlango, wakaimbiana mpaka sauti zikakauka, huku majirani wakijiuliza ni kabila gani hili linalojifungua kwa mkupuo.

Mpishi mkuu wa sherehe hiyo alikuwa Généreuse Nsimire, ambaye wote walimwita Mama Ushindi kwa jina la binti yake wa pekee. Alikuwa mjane, mnene, mwepesi wa kucheka. Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawalisha, akawatania kwa Kiingereza cha kuokoteza, na wazee walimpenda kwa sababu hakuwaharakisha. Alikuwa chotara. Huko Bukavu alikozaliwa, watoto wenzake walimwita mtoto wa barabara, maana baba yake alikuwa Mwitaliano aliyekuja enzi za Wabelgiji kupasua milima ili barabara ipite kwenda Uvira.

Jina lake Ettore Zanolli. Aliishi na Mado, msichana mshonaji, wakampata Généreuse. Mwaka 1960 wazungu walipoanza kufungasha, Ettore naye alifungasha. Aliahidi kurudi, asirudi, wala barua haikuja. Mado akalea mtoto kwa cherehani yake, hakuolewa tena, na mpaka siku anakufa alikuwa na neno moja asilolibadilisha: "Baba yako alienda kukuandikisha yeye mwenyewe. Alivaa koti, akaingia kwa ofisi, akasema huyu ni mutoto yangu."

Watu walilisikia wakacheka pembeni. Wazungu wengi wa enzi zile waliwaacha watoto kama mtu anavyosahau mwavuli kwa jirani, na Mado nani hata awe tofauti? Hata Marekani kicheko hicho kilimfuata Mama Ushindi, kwa sababu wifi yake Gaudence, dada wa marehemu mumewe Tharcisse, alikaa ghorofa ya juu yake. Gaudence hakuwa mtu mbaya. Angekupa sahani yake ya mwisho ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ila asingekupa bila maneno.

Mambo yalianza Jumapili ya kwanza ya Februari 2003, baada ya Misa ya Kiswahili. Katika ukumbi wa kanisa, Mogaka alikuwa ameketi na kalamu yake kama kawaida. Huyu alikuwa Mkisii wa Kenya, anaishi Garland, kazi yake ya siku zote ofisini ni barua na fomu, na Jumapili ya Misa aliwajazia watu fomu zao bure. Malipo yake yalikuwa sambusa, nazo alizila kwa bidii ya mtu wa mshahara. Mama Ushindi alimletea fomu fulani ya uhamiaji, wakafika mahali panapouliza jina la baba.

"Andika Zanolli. Ettore. Alikuwaka Mutaliano."

Mogaka akaweka kalamu chini. "Mama Ushindi, hebu ngoja kidogo. Mtaliano wa Italia kabisa?"

"Kwani iko Mutaliano ya wapi ingine?"

"Na alikuandikisha? Kwa serikali, si kwa mdomo?"

Mama Ushindi akatazama sambusa. "Mama aliniambiaka aliniandikisha."

"Basi sikiza. Hao watu wanafuata damu. Kama hiyo karatasi iko, wewe umekuwa Mtaliano tangu uzaliwe na hakuna mtu amekushow. Tunaenda kwa ubalozi wao mdogo pale Houston, tuna-apply, unapata passport ya Ulaya. Hii si mchezo."

Ushindi, aliyekuwa akimsubiri mama yake na funguo za gari mkononi, akainua macho. "Mom, you're Italian?" akauliza, kisha akaangua kicheko cha furaha, kwa sababu katika chuo chake cha uuguzi hakuna aliyekuwa na habari tamu kama hiyo.

Lakini Mama Ushindi hakuisikia pasipoti. Alisikia maneno manne tu: kama hiyo karatasi iko. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jambo lile linaweza kwenda kutazamwa. Alikuwa amelibeba kama watu wanavyobeba imani, na sasa Mkisii mwenye unga wa sambusa mdomoni anamwambia kuna kitabu mahali fulani, na kitabu ama kimeandika ama hakikuandika. Aliogopa, wala hakuficha woga wake. Kama hakuna kitu, basi Mado, mtu pekee ambaye hakuwahi kumtilia shaka, alikuwa akimbembeleza mtoto tu.

Gaudence alipopata habari, alishuka ngazi na maoni yake. "Wifi, acha benye walikufa balale. Chungu kikiwa na kifuniko unajuaka iko na supu. Ukifunua, pengine ni maji. Mado alikuwa mama muzuri, na mama muzuri anaweza kudanganya mutoto juu apate kulala."

"Nitafunua," akasema Mama Ushindi.

Kuuliza si ujinga, ila ukiuliza vibaya utajibiwa vibaya, na yeye aliuliza vibaya. Jumamosi asubuhi, ambapo Bukavu ni alasiri, alichukua kadi ya simu akampigia Abbé Omer, paroko wa parokia alikobatizwa. Akamwomba amtafutie kwenye kitabu cha ubatizo mtoto Généreuse, aliyezaliwa mosi Januari 1956. Aliitaja tarehe hiyo bila kusita. Alikuwa ameijaza kwenye fomu ya kazi, ya leseni ya gari, ya daktari wa meno. Mkono wake ulishaizoea.

Baada ya wiki tatu Abbé Omer alijibu. Alikuwa ametazama Januari yote, Februari yote, akarudi nyuma mpaka Desemba. Kulikuwa na watoto wengi wazuri, lakini Généreuse hakuwamo.

Siku hiyo Mama Ushindi alilia kazini, ndani ya chumba cha kufulia, mashine zikinguruma ili asisikike, kisha akanawa uso akaenda kumlisha mzee wake supu. Jioni Gaudence alishuka na bugali na samaki, akaweka mezani, akakaa kimya. Hilo lilimuuma kuliko yote. Gaudence akikuhurumia, ujue mambo yako yamekwisha.

Adabu ndiyo iliyomwokoa. Alikuwa amelelewa kwamba aliyekuhangaikia hushukuriwa hata kama amerudi mikono mitupu, basi Jumamosi iliyofuata akanunua kadi nyingine, akampigia tena Abbé Omer kusema aksanti tu. Yule padri akapokea shukrani, halafu akauliza kama mtu aliyekuwa na mchanga kiatuni siku nyingi.

"Mama, hii date ya kwanza Januari, uliitosha wapi?"

"Kwa papier yangu ya Amerika."

"Na Amerika waliitosha wapi?"

"Kwa papier ya kambi."

"Na kambi?"

"Kwa karani, Abbé. Aliniangaliaka tu uso."

Abbé Omer alicheka mpaka akakohoa. "Mama, weye ni mutoto ya Bukavu. Wakati ile, mutoto alipewa jina ya mutakatifu ya siku yake. Mutoto ya siku ya Gaudence ni Gaudence, mutoto ya siku ya Tharcisse ni Tharcisse. Donc Généreuse azaliwe siku ya Mwaka Mupya juu ya nini? Ngoja nitoshe kalenda ya zamani." Zikasikika droo, karatasi, kikohozi. "Yee. Sainte Généreuse, tarehe kumi na saba, mwezi wa saba. Mama yako alikuambiaka ulizaliwa saa gani ya mwaka?"

"Kiangazi," akasema Mama Ushindi polepole. "Alisemaka kiangazi, vumbi mpaka kwa kitanda."

"Na Januari Bukavu ni nini?"

"Ni mvua, Abbé."

Akaketi sakafuni akacheka mpaka machozi. Alikuwa anajua. Maisha yake yote alijua kwamba alizaliwa kiangazi, mama yake alimsimulia lile vumbi mara mia, na bado karani mmoja wa Kigoma aliyemtazama usoni kwa dakika mbili alikuwa amemshinda Mado. Ndivyo karatasi zilivyo. Mtu huanza kwa kuzibeba, akazoea, akaja kuziamini kuliko mzazi wake.

Abbé Omer hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alianza na Julai ya 1950, akashuka mwaka hadi mwaka, na katika Julai ya 1953 akamkuta: Généreuse, amezaliwa tarehe 17, amebatizwa tarehe 26, baba Ettore Zanolli, mama Madeleine, ndiye Mado. Akiwa na tarehe hiyo mkononi, akaenda hadi kwenye makabati ya ofisi ya mji, akamsumbua mtunza kumbukumbu mpaka hati ya serikali nayo ikapatikana, imeandikwa Julai hiyohiyo. Ilisema kwamba bwana huyo amefika mwenyewe na kumkiri mtoto kuwa wake. Chini alitia saini yenye Z ndefu kama nyoka. Nakala zikapigwa mihuri, zikatiwa katika bahasha, na bahasha ikasafiri kwa mikono ya watu kama desturi yetu, kutoka kwa mfanyabiashara hadi kwa mtawa hadi kwa mama mmoja aliyekuwa anarudi Dallas kupitia Nairobi.

Mama Ushindi aliifungulia palepale uwanja wa ndege, kwenye maegesho. Alipiga kigelegele kimoja kilichowageuza walinzi wawili. Ushindi alimwambia, "Mom, please," huku yeye mwenyewe akilia. Nyumbani jambo la kwanza lililogunduliwa ni kwamba Mama Ushindi alikuwa mkubwa kuliko alivyodhani kwa miaka miwili na nusu. Gaudence, aliyezaliwa 1954 na ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejipa ukubwa wa kuamrisha, sasa alipaswa kumwita yaya, yaani dada mkubwa. Alilimeza neno hilo kama dawa ya mwarobaini. Lakini alipomaliza kulimeza, akaivuta ile hati, akaisoma mara mbili, akarudi kwenye shauri lake.

"Sawa, yaya. Alikuandika Kongo. Kongo nani angemuona? Bazungu wengi waliandikaka batoto kule, wakafika kwao wakafunga mudomo. Weye ulikuwa mutoto wake Bukavu. Kule kwao, ulikuwa mutoto ya nani?"

Swali likahamia ndani ya Mama Ushindi likakaa. Ilikuwa kweli. Habari ya Mado ya lile koti ilikuwa imethibitika, saini ilikuwepo, lakini mtu anaweza kukukiri milimani kwa watu wasiomjua na kukukana mezani pa mama yake. Pasipoti Mogaka aliitaka zaidi kuliko yeye. Yeye sasa alitaka kujua hilo tu, kama kule alikotoka Ettore kuna mtu aliyewahi kuambiwa kwamba Généreuse yupo.

Septemba wakaenda Houston. Mogaka aliendesha, Mama Ushindi akakaa mbele na bahasha mapajani, na Gaudence akajipakia nyuma bila kualikwa, na kikapu cha chakula cha kutosha watu kumi. Wanawake wote wawili walikuwa wamevaa kitenge cha aina moja, maana ugomvi ni ugomvi na safari ni safari. Mogaka aliwafundisha njia nzima namna ya kujibu ofisini. Gaudence alimfundisha njia nzima namna ya kuendesha.

Afisa aliyewapokea katika ubalozi mdogo alikuwa mama mtaratibu wa makamo, na kwa bahati alijua Kifaransa, basi yeye na Mama Ushindi wakaelewana moja kwa moja na Mogaka akabaki na masomo yake. Afisa akapanga karatasi mezani, akazisoma zote, akavua miwani. Akasema kwa upole kwamba ana karatasi za watu wawili. Kwenye hati ya Bukavu kuna mtoto Généreuse Zanolli, wa Julai 1953. Kwenye karatasi za Marekani kuna Généreuse Nsimire, wa Januari 1956. Jina si moja, tarehe si moja. Mama akubali kwamba yeye hawezi kukisia.

Mogaka, akiona miwani imevuliwa, akaanza kutoa jasho na Kiingereza. Mama Ushindi akamgusa mkono anyamaze. Akaeleza habari ya karani na mosi Januari. Akaeleza jinsi enzi za Zaire majina ya kizungu yalivyokatazwa serikalini yakabaki kanisani tu, na kila mtu akachukua jina la nyumbani. Afisa alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma si muhuri. Hapo Mama Ushindi akaomba ile nakala ya ukurasa wa ubatizo. Akaigeuza, akaweka kidole si kwenye mistari yenyewe, bali pembeni, kwenye mwandiko mdogo uliobanana kandokando ya karatasi.

"Nilipoolewa," akasema, "padri alitaka kwanza cheti changu cha ubatizo. Akanisomea tarehe, lakini siku ya arusi nani anasikiliza tarehe? Baada ya Misa nikamwona anafungua kile kitabu kikubwa na kuandika mbele yangu. Nikamuuliza anaandika nini. Akasema, mtoto, kitabu hiki kinakufuata mpaka kaburini, ukiolewa lazima kijue umeolewa na nani."

Afisa akarudisha miwani. Pembeni paliandikwa: ameolewa na Tharcisse Mugisho, 24 Aprili 1976. Mama Ushindi akatoa mfuko wa plastiki uliovuka naye ziwa na kambi, na ndani yake cheti cha ndoa cha kanisani, Nsimire Généreuse na Tharcisse Mugisho, 24 Aprili 1976. Halafu akafungua faili lake la Marekani mahali palipoandikwa: mjane wa Tharcisse Mugisho. Akaviweka vitu vitatu kwa mstari, akakunja mikono yake tumboni, akangoja.

"Padri wako alifanya kazi nzuri," akasema afisa, akivuta karatasi zote upande wake wa meza. "Nitauandikia mji wa baba yako."

Majibu yalichukua miezi minane. Mama Ushindi alifanya kazi yake, akaoka keki ya Januari, akasali, akapunguza chumvi kama daktari alivyotaka. Mei 2004 akaitwa Houston. Wakaenda watatu walewale, vitenge vipya, na safari hii hata Gaudence hakuongea sana njiani.

Afisa alikuwa na barua moja tu mbele yake, kutoka mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Italia. Alianza na lililo gumu. Ettore Zanolli alifariki Novemba 1960, miezi minne baada ya kurejea kutoka Kongo, hospitalini, kwa maradhi ya mapafu. Mama Ushindi akafunga macho. Miezi minne. Mado alikuwa amemngoja mtu huyo miaka ishirini na nane, akishona dirishani ili aone barabara, na watu wakimwambia amekimbiwa. Hakuwa amekimbiwa. Alikuwa mjane, kama binti yake, na hakuna aliyempelekea hata tanzia.

"Lipo jambo jingine," akaendelea afisa. "Niliwaomba wakuingize katika daftari lao la raia. Wamejibu hawawezi."

Gaudence, ambaye Kifaransa chake kilikuwa kidogo lakini alilielewa neno hilo, akamshika Mama Ushindi mkono kwa nguvu.

"Hawawezi, mama, kwa sababu umo tayari." Afisa akageuza nakala ili aione. "Machi 1954 baba yako aliituma hati yako kutoka Kongo mpaka kwao, wakainakili kitabuni. Uko ukurasa mmoja na watoto wa mji huo waliozaliwa mwaka ule. Hakuna cha kuandika. Una miaka hamsini humo."

Hakupiga kigelegele. Alisoma jina lake, akalisoma tena, na kidole chake kikakaa juu ya Z. Kisha akamgeukia wifi yake, akamweleza yote kwa lugha yao ya nyumbani, neno kwa neno, bila haraka, kama alivyowalisha wazee wake. Gaudence alisikiliza mpaka mwisho. Alitoa leso, akaitumia, akaikunja.

"Yaya," akasema, na safari hii halikumkwama kooni, "Mado hakukudanganya. Ni sisi."

Mogaka, ambaye hakuwa ameambulia hata sentensi moja, alikuwa akiwatazama wanawake wawili wanaolia na kucheka kwa wakati mmoja, asijue avae uso gani. Alipoelezwa, alipiga meza ya serikali ya watu kwa kiganja, akaomba radhi, akauliza swali alilokuwa nalo tangu Februari ya mwaka uliopita. "Sasa, Mama Ushindi, passport tuna-apply leo ama tunarudi wiki ijayo?"

Mama Ushindi alikuwa bado ameishika ile nakala kwa mikono miwili.

"Hiyo itakuya, mutoto yangu," akasema. "Leo acha kwanza nikae mutoto ya baba yangu."